Makapita Wawili wa Bugarama

“Kama hakuiba, juu ya nini amerudia na matela kichwani?”

Nyirabahire alilitupa swali hilo la godoro juu ya ua wa mianzi, mikono kiunoni, kwa sauti ya kutosha kumfikia fundi cherehani wa ng’ambo ya barabara. Fundi alitoa mguu kwenye pedali ili asipitwe na jibu.

Upande wa pili wa ua Maman Iriza alikuwa anaanika mashuka. Shuka moja lilibaki mkononi mwake likichuruzika maji hadi kwenye ndala.

“Matela ni yake! Ilitoka ku mushahara yangu, haikutoka ku mufuko ya bwana yako! Ulitaka aiachie nani kule Kigali?”

“Miye sisemi kitu, Maman Iriza. Banasema. Banasema aliiba memwari ya mwenzake, ile kazi ya kumalizia chuo, muzima-muzima, akabadilisha jina tu.”

“Banasema ni nani? Mutaje hapa mbele ya bantu!”

“Usinipandie. Miye na weye tulivuka Rusizi siku moja, na batoto mugongoni.”

“Njo maana inaniuma! Muntu wa mbali akisema, ninamuacha aseme. Weye ulimuona huyu mutoto akisomea ku mwangaza ya telefone yako, siku yenye courant ilikatika. Leo njo unauliza habari ya matela?”

Mgeni aliyesimama kwenye geti alikohoa. Alikuwa mwanamke mrefu, koti la mvua begani, faili la kaki kwapani. Nyirabahire aliliona faili kabla ya kumwona mwenye nalo.

“Munaona?” aliwaambia watu ambao hawakuonekana, ila alijua wapo. “Polisi njo hiyo.”

Kisha akainama kuokota vibanio vya nguo ambavyo havikuwa vimeanguka.

Mgeni huyo aliitwa Tumukunde, mpelelezi wa miaka kumi na minne kazini, mzaliwa wa Bukavu kama nusu ya watu wa mtaa ule wa Kamembe. Wengi walimwita Afande tu. Faili lilikuwa limefika kutoka Kigali jana mchana, na amri iliyoambatana nalo ilikuwa fupi: mlalamikiwa asaini, faili lirudi kabla ya Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Karatasi ya kusaini ilikuwa imeshapigwa chapa huko huko. *Mimi, Iriza Kamikazi, nakiri kwamba nilichukua bila ruhusa kazi ya Ndizeye Jean-Paul kutoka kwenye kompyuta yake.* Kilichokosekana ni jina chini, na tarehe.

Tumukunde aliisoma karatasi ile jana mara tatu. Amewahi kuona watu wakikiri mbele yake, na wengine wakikana mpaka kesho. Kukiri kunakotangulia maswali hakuwahi kukuona.

Iriza alikuwa nyuma ya nyumba, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Msichana wa miaka ishirini na mitatu, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni, mchi unapanda na kushuka kama ana ugomvi na kinu. Hakuacha kutwanga alipomwona Afande. Alisogeza tu kigoda kwa mguu, kwamba keti.

“Uko mwaka gani chuoni?”

“Wa mwisho. Uchumi wa kilimo.”

“Memwari yako inahusu nini?”

“Mpunga wa Bugarama. Mkulima anavuna kiasi gani, na kiasi gani kinapotea kabla hajauza.” Mchi ulishuka. “Nilikaa kule wiki tatu, mwezi wa tano. Nilihoji watu arobaini na wawili.”

“Nani alikuona?”

“Watu arobaini na wawili.”

Tumukunde alikandamiza tabasamu. “Daftari la mahojiano liko wapi?”

“Kwa Jean-Paul.”

“Kwa mlalamikaji?”

Iriza akaacha kutwanga. Alieleza kwa sentensi fupi, kama mtu aliyeeleza mara nyingi kwa watu waliokuwa wanatazama saa. Darasa lao lilikuwa na wanafunzi mia tatu na themanini. Ukichelewa ukumbini unakaa kwenye ngazi, na ukikaa kwenye ngazi humsikii mwalimu, unanakili kwa jirani. Yeye na wasichana watatu walipanga geto, chumba kimoja nje ya chuo, wakalala kwa zamu ya kitanda na matela. Mwalimu wa kusimamia memwari alikuwa na wanafunzi sitini, hakumjua hata mmoja kwa sura. Kwa hiyo kila kitu kilipitia kwa sefu wa promosheni, yaani kiongozi wa darasa: orodha, maksi, rasimu, vikao. Ukikosana naye, jina lako linasahaulika. Na sefu wa promosheni alikuwa Jean-Paul.

“Alisema mwalimu anataka rasimu zote mwezi wa saba, pamoja na madaftari, athibitishe sahihi za wakulima. Tulimpa wote. Wengine walirudishiwa.”

“Wewe hukurudishiwa.”

“Aliniambia mwalimu bado anasoma. Mwezi wa kumi nikapeleka kazi yangu. Baraza la chuo likaniita. Kumbe yake ilikuwa imetangulia, wiki tatu.”

“Baraza lilikuuliza nini?”

“Swali moja. Unakubali au unakataa.”

“Ukajibu?”

“Nikakataa. Wakasema yake ina kurasa kumi na mbili zaidi, kwa hiyo yake ndiyo mama na yangu ndiyo mtoto.” Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na ndicho kilichomfanya Tumukunde aangalie pembeni. “Nikawaomba nione hizo kurasa kumi na mbili. Wakasema mtuhumiwa haonyeshwi kazi ya mlalamikaji, asije akaiba tena.”

Kazi zote mbili zilikuwa ndani ya faili, sentimita ishirini kutoka kwenye goti la Iriza. Maelekezo kutoka Kigali yalikataza zionyeshwe, na Tumukunde ni mtu wa kufuata maelekezo. Hakuzitoa.

“Ijumaa ni nini?” aliuliza badala yake.

“Ijumaa wananifukuza. Na mjomba wake Jean-Paul, mtu mkubwa huko Kigali, amesema nisiposaini, ananipeleka mahakamani.” Akashika mchi tena. “Mwambie sisaini, Afande. Kama ni jela, nitaenda na jina langu.”

Tumukunde aliiacha karatasi ya kukiri ndani ya faili bila kuitaja.

*

Barabara ya kuteremka Bugarama inakushusha kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto ndani ya saa moja, na gari la ofisi halikuwa na kioo kinachoshuka upande wa abiria. Tumukunde alimwachia dereva usukani na joto lake, akafungua kazi mbili mapajani.

Zilifanana kama mapacha. Utangulizi mmoja, majedwali yale yale, hata kosa moja la kujumlisha kwenye ukurasa wa thelathini. Jedwali la tisa liliorodhesha hasara kabla ya kuuza: *maji, saba kwa mia, usafiri, tano kwa mia, kapita, kumi na nane kwa mia.* Iriza aliishia hapo na kwenda kwenye hitimisho.

Jean-Paul hakuishia. Baada ya jedwali hilo ndipo zilipokuja zile kurasa kumi na mbili, sura nzima, kichwa chake *Makapita wa Bugarama: Unyonyaji Usioonekana*. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Kazi ya ujasiri. Hongera.*

Tumukunde aliisoma na damu ikamchemka. Alikulia Bukavu, kapita alimjua. Babu yake alifanya kazi ya shamba la kwinini chini ya kapita, msimamizi mwenye filimbi na fimbo, anayekata siku ya mtu kwa sababu hakupenda alivyosalimiwa. Kwamba leo hii kuna makapita wanaochukua karibu moja ya tano ya jasho la wakulima! Alijikuta, bila kutaka, anamheshimu kidogo yule kijana wa Kigali.

Ofisi ya ushirika wa wakulima ilikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa, pumba zikipepea mpaka mezani. Katibu, mzee mmoja mwembamba aitwaye Straton, aliifuta miwani kwa tai yake na kumletea kitabu cha wageni bila kuombwa mara mbili.

“Jina?”

“Ndizeye Jean-Paul.”

Straton alilamba kidole, akafunua. Jina lilikuwepo, limeandikwa kwa mwandiko wa kujitanua. *Tarehe 14 Agosti. Mwanafunzi. Utafiti.* Sahihi, na muhuri wa ushirika juu yake.

“Kijana wa adabu sana huyo,” alisema Straton. “Alipiga nami picha hapo chini ya kibao. Alininunulia fanta.”

“Na Iriza Kamikazi?”

Walitafuta pamoja. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Tumukunde alipitia mstari kwa mstari, kisha akarudia kwa kidole. Iriza hakuwemo.

“Bale bapitaka kwa ofisi njo miye ninabajua,” Straton alisema. “Bale banashukaka moja kwa moja ku mashamba, sibaone. Lakini bila sahihi, Afande, unajua na weye.”

Alijua. Kitabu kilisema alichosema mlalamikaji, na kitabu kina muhuri. Hapo mpelelezi mwingine angefunga faili, akarudi Kamembe, akamwambia yule msichana asaini ili yaishe. Tumukunde alipiga picha ya ukurasa. Ndipo alipoona safu ya mwisho, ile ambayo wageni wengi huiruka. Jean-Paul hakuiruka. *Saa ya kuingia: 4.30. Saa ya kutoka: 6.00.*

“Alirudi siku nyingine?”

“Hapana. Alikuwa na gari inamungojea.”

Saa moja na nusu. Fanta ikiwemo.

Bado haikutosha. Wakili angesema alirudi bila kusaini, kama Iriza alivyokuja bila kusaini. Tumukunde akafunga kitabu.

“Mzee Straton, nataka kuwaona makapita.”

Miwani ya Straton iliteremka puani. “Makapita?”

“Wale wanaopunguza mavuno ya wakulima.”

“Weye ni wa wapi, Afande?”

“Kamembe. Nilizaliwa Bukavu.”

“Aaah.” Mzee aliitazama dari. Midomo yake ilikuwa inafanya kazi ya kujizuia. “Basi shuka tu. Leo beko bengi sana.”

“Unawajua kwa majina?”

“Majina!” Straton alivua miwani kabisa, akaegemea meza, mabega yakitikisika. “Ati majina yao!”

Tumukunde aliondoka mlango ukijibamiza nyuma yake. Watu wanaibiwa mchana kweupe, na katibu wao anacheka mpaka machozi! Njiani alishatunga kichwani barua ya kumshtaki.

*

Mashamba yalianza pale lami ilipoishia, kijani kinachogeuka dhahabu, masuke yamejaa maziwa na vichwa vimeanza kuinama. Kulikuwa na wanawake sita au saba wametapakaa kwenye matuta, na juu ya jukwaa la miti mama mmoja wa makamo, mtandio umefungwa nyuma ya shingo, alikuwa na bidoni, dumu tupu la njano, na kipande cha fimbo. Tumukunde alimkaribia kuuliza.

Mama yule hakumwona. Alikuwa ametumbulia macho kona ya mbali ya shamba. Ghafla akalishambulia bidoni.

“Tokeni! Tokeni, bakapita! Bezi banyinyi! Nendeni mukakule kwenu!”

Tumukunde aligeuka haraka, mkono kwenye mkoba, akitafuta wanaume. Hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Kutoka kwenye kona ile liliinuka wingu, ndege wadogo mia kadhaa, wakajikunja angani kama shuka linalokung’utwa, wakatua shamba la pili.

“Bakapita kwako, Maman Odeta!” mama alipiga kelele, na kule bidoni jingine likaanza kulia.

Tumukunde alisimama kwenye tuta, maji ya matope yakiingia kiatuni.

“Maman,” aliita mwishowe. “Hao ndege munabaitaka namna gani?”

“Weye si wa huku.” Mama aliteremka. Jina lake Zaituni, alilima pale tangu hajaolewa. “Kapita. Mama zetu njo balibapa ile jina. Si unamuonaka kapita? Anafika mbele ya bafanyakazi. Anapita mustari kwa mustari, anagusa kila suke, hainame hata siku moja. Magaribi anaenda kwake tumbo imejaa. Huku mupaka mutoto muchanga anajua.”

Wanawake wengine walikuwa wamesogea. Mgeni mwenye faili katikati ya mpunga si kitu cha kuachia. Tumukunde akafungua kazi ya Jean-Paul kwenye zile kurasa kumi na mbili, akawasomea, akitafsiri taratibu kutoka lugha ya chuo.

“‘Makapita wengi ni wanaume wa umri wa kati, wasiopenda kuzungumza na watafiti.’”

Mmoja akaguna puani.

“‘Mtafiti alifanikiwa kuwahoji wawili. Walikataa kutaja majina yao.’”

“Baliogopa!” alisema Maman Odeta, na kicheko kikawaangusha. Mmoja aliketi majini kabisa. “Baliogopa kukamatwa, masikini!”

“‘Inapendekezwa makapita waandikishwe na serikali, na kila mmoja apewe kitambulisho.’”

Zaituni pekee hakucheka tena. Alichukua ukurasa, akautazama ingawa lugha ile hakuisoma, akagusa maandishi mekundu ya pembeni.

“Hii ya wino mwekundu inasema nini?”

“Inasema hongera.”

“Kwa huu uongo?”

“Kwa huu uongo.”

Kicheko kikakatika kimoja kimoja mpaka kikaisha.

“Mtafiti aliyekuja mwezi wa nane, mulimuona?” Tumukunde aliuliza.

“Mwezi ya munane hapa ni matope na jembe,” Zaituni alisema. “Hakuna suke. Hakuna kapita. Ile jina yenyewe hatulisemaka, juu ndege yenyewe haiko.”

“Na mwezi wa tano?”

“Mwezi ya tano alikuya kale kabinti ka Kamembe. Kembamba, kanaandika kama kanakimbizwa. Nilimuambia, weye unataka maswali, miye niko na ndege. Shika bidoni, tutaongea tukifukuza. Siku saba alisimama hapa. Sauti ikamukauka, maswali ya mwisho aliniandikia ku karatasi, Maman Odeta akanisomea.”

Tumukunde hakuwa amelitaja jina la Iriza, wala Kamembe. Aliyaandika maneno yale kama yalivyotoka. Lakini aliwajua mawakili wa watu wenye wajomba. Wangesema hawa ni wanawake wa shamba, walifundishwa la kusema. Alihitaji mdomo mmoja tu, na haukuwa mdomo wa Zaituni.

Akamwita Straton. Mzee alikuja akitembea juu ya matuta kwa tahadhari, suruali imekunjwa, uso wa mtu anayetarajia kugombezwa.

“Utakuwa shahidi. Sikiliza, usicheke.”

Kisha akapiga simu Kigali, akaweka sauti ya nje. Wanawake walijifunika midomo kwa vitenge.

“Inspekta!” Kinyarwanda cha Jean-Paul kilikuwa laini, kimepigwa pasi. “Ameshasaini?”

“Bado. Nakamilisha faili, na nina shahidi anayesikiliza. Maswali madogo tu, kuhusu sura ile ya makapita. Uliwahoji wewe mwenyewe?”

“Mimi mwenyewe. Ndiyo iliyonipa taabu kuliko zote.”

“Wangapi?”

“Wawili.”

“Uliwapata wapi?”

“Nyumbani kwao. Upande wa barabara ya Ruhwa. Mmoja alinikaribisha, mwingine alikuwa mkali kidogo.”

“Umri?”

“Mmoja arobaini hivi. Yule mkali ni mzee.”

“Wana familia?”

Jean-Paul alisita, lakini alikuwa mtu aliyezoea kufaulu mitihani asiyoisomea. “Huyo wa arobaini ana watoto wengi. Nadhani ndiyo sababu anaiba.”

Maman Odeta aliuma kitenge chake. Straton alikuwa ameelekeza uso mbinguni, koo linapanda na kushuka.

“Na ilikuwa mwezi gani?”

“Agosti. Iko kwenye kitabu cha wageni, unaweza kuhakikisha.”

“Nimehakikisha. Niandikie hayo yote kwa ujumbe, na jina lako kamili chini, niambatanishe na faili.”

“Sasa hivi, Inspekta. Asante kwa kazi nzuri.”

Ujumbe ulifika baada ya dakika nne, kila nukta mahali pake. Makapita wawili, umri wao, tabia zao, nyumba zao. *Ndizeye Jean-Paul, mwanafunzi bora wa promosheni.* Tumukunde aliunakili neno kwa neno kwenye daftari, Straton akasaini chini, kisha akatoa muhuri wa ushirika mfukoni, kwa kuwa alikuwa mtu asiyetembea bila muhuri, akaugonga, daftari likiwa juu ya goti lake.

Simu ikalia tena. Alikuwa yeye.

“Umepokea, Inspekta?”

“Nimepokea. Kuna mtu hapa angependa kukusalimia.”

Zaituni aliishika simu kwa mikono miwili.

“Alo, kijana. Miye ni mwenye shamba. Ile kapita yako ya batoto mingi, alikuambia batoto banalalaka ku muti gani?”

“Samahani, sielewi.”

“Ni ndege, weye! Ndege! Banakula mupunga! Ulikunywa chai kwa ndege, bakakupa hongera!”

Jean-Paul akakata simu. Wanawake wakaangua kelele iliyorusha ndege mashamba matatu. Zaituni alimrudishia Tumukunde simu.

“Siku saba,” alisema. “Yule mutoto alikauka sauti siku saba. Na banamuita mwizi.”

*

Iriza alifika na pikipiki karibu saa kumi alasiri. Tumukunde alikuwa amemwambia kwenye simu aje tu, bila kumwambia kwa nini, na aliwaambia wanawake kwamba kuna mtu anakuja, bila kuwaambia nani. Hakukuwa na haja ya kuuliza kama wanamjua. Hajavua kofia ya pikipiki vizuri, walishaanza kumwita toka mashambani.

“Mama Bidoni! Mama Bidoni amekuya!”

Straton aliandika hilo pia, na saa yake.

Tumukunde alimtoa pembeni, mbele ya nyumba ya Zaituni, akafungua faili, akampa kurasa kumi na mbili. Maelekezo yalikataza. Aliyaacha yakataze. Iriza alisoma amesimama. Kwenye ukurasa wa tatu alianza kucheka. Kwenye ukurasa wa tano aliacha. Alisoma mpaka mwisho, na maandishi mekundu akayasoma mara mbili.

“Hizi ndizo zilifanya yake iwe mama na yangu mtoto?”

“Ndizo.”

“Afande, kama wangenionyesha ukurasa mmoja tu. Neno moja! Mimi niliandika kapita bila kueleza kwa sababu nilidhani kila mtu anajua. Hilo ndilo kosa langu, moja, na ningelijibu kwa dakika mbili.” Sauti ilikuwa imempanda sasa, na hakujaribu kuishusha. “Nilikaa mbele ya watu saba wenye digrii za kila aina. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kapita ni nani. Na wewe leo asubuhi ulikuwa nazo kwapani!”

“Nilikuwa nazo.”

“Hukuniuliza.”

Tumukunde angeweza kusema habari ya maelekezo. Aliyahisi yamekaa tayari ulimini.

“Sikuuliza,” alisema. “Nilidhani namjua kapita. Kesho asubuhi ujumbe wake unafika kwa baraza na kwa mwendesha mashtaka, na maneno ya hawa wamama, na muhuri. Ile karatasi ya kusaini hairudi Kigali. Na Ijumaa utaingia mwenyewe, utasimama, utawaeleza.”

“Nitaeleza.” Iriza alimrudishia kurasa, zimekunjamana pale alipozishika. “Lakini usiniambie nishukuru. Mimi nilisema ukweli kwa mdomo wangu mwezi mzima, haukutosha. Wamekuja ndege, umetosha.”

Tumukunde alizipokea kurasa, akazinyoosha kwa kiganja. Ndani harufu ya sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Zaituni alitokea na sinia la wali kiunoni kama mtoto, akamshika Iriza mkono, akamvuta ndani bila kusema lolote, na wanawake wengine wakaingia nyuma yao wakisukumana, wakivua viatu, kila mmoja anasimulia jinsi mwenzake alivyocheka. Straton akaingia pia, muhuri mfukoni.

Nje alibaki Tumukunde. Alifunga faili kwa kamba yake, akaifungua, akaifunga tena. Dereva alipiga honi mara moja kutoka barabarani.

Iriza alirudi mlangoni. Alikuwa tayari na tonge mkononi, na bado alikuwa na hasira; hakujisumbua kuificha.

“Afande, mwambie dereva azime gari,” alisema. “Ingia ule. Halafu unihoji upya, kuanzia mwezi wa tano, na safari hii uulize kila neno.”